Ukemi wa Hamira

Chupa ya kwanza ilipasuka saa nane usiku,
ya pili haikungoja.
Kufikia ya tano nilikuwa chali sakafuni
nikihesabu kama anayehesabu mizinga,
na kabati la chini ya ngazi linatoka povu mlangoni
kama linatukana.

Asubuhi akabisha Gunnvor, buti hazijafungwa,
jirani anayeendesha greda la theluji,
ambaye kwa miezi saba salamu zetu
zilikuwa kuinuliana kidole.
"Umempiga nani risasi?"
Nikamwonyesha vigae.
Akachovya, akaonja, akakunja uso.
"Sukari ulipima kwa nini, kwa koleo?"

Nilifuata kijitabu kilichokuja na boksi,
pamoja na ndoo, mpira wa kunyonyea na kipimajoto.
Sikumwambia kwa nini nililinunua:
kwamba nyumba ya mtu mmoja haina la kusema,
na niliposikia bia ikichacha hububujika
nilitaka kitu kinachoongea chumba cha pili.

Jumamosi alinipitia na greda.
Banda la Sjur, nyuma ya zizi.
Sufuria ya shaba ambamo ndama angeoga,
maji yanatokota na matawi ya mreteni
hata hewa ikanuka msitu uliofuliwa.
Sjur ni daktari wa meno, vidole safi mno.
Zbyszek, mchomelea vyuma kutoka Poland,
alileta soseji ndani ya gazeti.
Na pacha wawili, Borghild na Torgunn,
wasiokubaliana lolote ila kimea.
Hakuna aliyeuliza nimetoka wapi.
Wakauliza, "Unaweza kushika mwiko?"

Nikaushika, ule wa mti.
Nikakoroga saa nzima na nusu yake.
Shayiri ikatoa utamu wake taratibu
kama mtu anayekiri kosa.
Pacha wakagombana juu ya joto;
Sjur akachovya kiwiko
(kipimajoto changu kilifia mfukoni)
akasema, "Bado. Bado.

Sasa."

Akatungua ukutani duara la mti,
limechongwa pingili pingili kama uti wa samaki,
limegandiwa na kitu cha kijivu, tope la bwawa lililokauka.
"Hamira. Ilikuwa ya mjomba wake Gunnvor.
Mwaka ambao yake ilikufa aliazima kwangu,
yangu ilipooza nikaazima kwake.
Siku hizi hatujui ni ya nani."

"Na wewe," akasema Gunnvor, "piga ukemi."
Nikacheka. Wao hawakucheka.
Hamira ikiingia lazima mtu apaze sauti,
la sivyo bia hutoka imenuna kama aliyeipika.
Mgeni ndiye huanza.

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.
Huo ndio mwiko mwingine, niliokuwa nimeushika miaka.
Siku Annelin alipobeba masanduku
nilimshikia mlango.
Nilimwambia aendeshe polepole,
barabara ina barafu.

Wakangoja. Soseji ikachuruza mafuta motoni.
Zbyszek, kwa Kinorwe chake cha kuungaunga,
akaninong'oneza: "Mimi mara ya kwanza
nilitaja jina la benki."

Nikapiga.
Halikuwa neno.
Lilitoka chini ya mbavu, likagonga bati, likapita nje,
likavuka mto, na mbwa wa ng'ambo
wakalijibu mmoja mmoja mpaka mlimani.
Duara likazama.
"Itakuwa kali," akasema Borghild.
"Itakuwa tamu," akasema Torgunn.

Leo ndoo yangu iko chumba cha pili.
Inasema, inanyamaza, inasahau, inarudia,
na juu ya jokofu kitambaa kinakauka
na hamira isiyo yangu.
Alfajiri greda linapita.
Gunnvor anainua kidole kama zamani,
kisha anashusha kioo, anapaza: "Inachacha?"
Nami dirishani, na nguo za kulalia,
namjibu kwa sauti ambayo hata mbwa
wameanza kuizoea.