Makopo ya Aiskrimu

Siku ya saba baada ya maziko
tulifungua friza la Mama.
Lilikuwa jikoni kwake, Foleshill, Coventry,
linanguruma pole pole kama mtu anayevuta uradi,
na ndani, toka juu hadi chini,
makopo ya aiskrimu yasiyo na aiskrimu.

Dhuluma hii tuliijua zamani.
Utotoni tulikimbia na vijiko,
tukafunua kifuniko chenye picha ya stroberi,
tukakuta kisamvu.

Mama hakuandika Kiingereza. Kiswahili chake
alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia,
kwa kalamu nene ya buluu aliyotoka nayo kazini,
kule dobini hospitali, alikofua mashuka ya wagonjwa
usiku, miaka kumi na tisa,
akarudi na basi la kwanza, vidole vimenywea,
kutuamsha, kutusuka, kututoa mlangoni,
ndipo alale.
Tulidhani mama wote duniani hulala mchana.

Wajukuu wamenizunguka. Herufi hizi hawazijui.
Mimi mwenyewe nasoma kwa kidole, najikwaa:

*Pweza. Wa mwisho huyu, bei imepanda.*
*Bamia. Haitham asile, zinamwasha.*
*Maharage, kwa siku ya uvivu.*
*Supu ya Maureen akitoka hospitali.*

Maureen wa nyumba ya pili, ambaye mwaka wa kwanza
alitugongea ukuta kwa harufu ya papa,
na mwaka wa tatu akaja na sahani.
Kwenye maziko alisimama nje ya uzio,
kitambaa kichwani amekifunga vibaya,
analia kuliko sisi.

*Mbaazi za Idi. Msiguse.*
Idi bado wiki sita.

Nazi zote hizo alizikuna kwa mkono.
Mbuzi yake ipo nyuma ya mlango,
mguu mmoja umefungwa kamba.
Ndiyo aliyoshuka nayo uwanja wa ndege,
mwezi wa Februari, kandambili miguuni.
Askari wa forodha akauliza, mkobani mna nini?
Kijana wa kutafsiri, Kiswahili chake cha kuokoteza,
akamjibu: mama ana mbuzi.
Askari akarudi nyuma hatua mbili.
Mama alikisimulia kisa hiki kila harusi,
na kila mwaka mbuzi akanenepa;
miaka ya mwisho alikuwa analia, mee, ndani ya mkoba,
na askari wamekuwa wanne.

Hakuwa malaika, Zuwena binti Salehe.
Neno moja lilimnunisha wiki nzima.
Na dada yake wa Mkunazini hawakusemezana
tangu kugawana vitu vya bibi yao,
hadi ilipokuja simu ya msiba.
Alikaa ngazini na koti la kazi,
hakulivua mpaka asubuhi.
Sijawahi kujua kitu gani waligombea.
Niliuliza mara moja. Akaniambia nikaangalie wali.

Chini kabisa, chini ya mifuko ya barafu,
limebaki kopo moja halina maandishi.
Kaka anasema litupwe, nani ajue la lini.
Haitham analitikisa, analisikiliza.
Sabra, wa miaka sita, hana subira ya watu wazima:
amekwisha kung'oa kifuniko.

Stroberi.
Nyekundu, ina sufi ya barafu juu,
haijaguswa.

Hakuna aliyesema kitu.
Kisha kaka, mwenye sukari, mwenye mvi,
akafungua droo ya vijiko.

Tulikula wima, hivyo hivyo, Novemba,
dirisha limefanya ukungu,
meno yanatuuma, tunasukumana viwiko.
Sabra akakwangua pembeni mpaka plastiki ikalia.

Halafu nililiosha lile kopo kwa maji moto,
nikaliinamisha juu ya kitambaa likauke.
Kaka aliniangalia.
Nikamwambia, kopo zima hili,
unataka nilifanye nini?