Bondo

Nimekata sangara miaka kumi na moja
kiwandani Igogo, zamu ya usiku:
gamboti nyeupe, kofia ya nailoni,
kisu changu asichoruhusiwa mtu kukigusa.
Tumbo, pezi, mbavu, minofu. Tumbo, pezi.
Samaki mia tatu kabla ya uji.

Kwa hiyo baridi iliponiingia
nani angeijua?
Barafu ilikuwa chini ya miguu ya kila mtu.
Ila wenzangu, jua likipanda juu ya mawe ya Mabatini,
walivua masweta wakicheka.
Mimi nilivaa la pili.
Mwanza hii, jua la kukausha dagaa kwa nusu siku,
na mimi kibarazani, nimejikunja kama kuku aliyenyeshewa.

Walinipa majina.
Mama mkwe: mvivu.
Jirani: umenenepa, maisha yamekukubali!
Shilinde, mume wangu, kwa upole: au una mimba?
Jina baya kuliko yote nilijipa mwenyewe,
nikisonga ugali nimekaa,
kwa kuwa kusimama kulikuwa kazi ya mtu mwingine.

Nikanywa dawa ya malaria bila malaria.
Nikanywa ya kuongeza damu. Nikanywa mizizi kutoka Magu
kwa bei ya gunia la mkaa.
Nililala saa kumi nikaamka hoi,
kama niliyeubeba usiku wenyewe kichwani
kutoka kivuko cha Kamanga hadi nyumbani.
Nywele zilibaki kwenye kitana. Sauti ikakwaruza.
Choo, siku ya tano
(mnisamehe, shairi lisilosema hili linadanganya).

Usiku mmoja kisu kiliteleza,
minofu ikaenda kombo.
Lugembe, msimamizi, akauliza mbele ya watu:
"Ng'washi, umelewa?"
Nikatafuta hasira ya kumjibu.
Sikuikuta.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari wa Bugando, Kokushubira, binti mwenye raba za kukimbilia,
hakuuliza nimemkosea nani.
Alitazama nyusi zangu, ncha zilizopotea.
Akagonga kano nyuma ya kifundo,
akasubiri, nami nikasubiri:
mguu ukajibu kama karani karibu na saa ya kufunga ofisi.
"Meza mate." Vidole vyake kooni.
"Hapa kuna tezi, ndogo. Hutuma homoni
kwa moyo, kwa utumbo, kwa ngozi: amkeni, chocheeni moto.
Naona kama yako imenyamaza. Tupime damu tuhakikishe."
Damu ikasema ndiyo.

Nilicheka, akashangaa.
Mkata sangara afafanuliwe nini?
Sisi tunalijua bondo,
lile puto linaloteleza ndani ya samaki,
mgeni hudhani ni uchafu,
kumbe bei yake inaiaibisha minofu.
Bila bondo samaki hajui akae kina gani.
Koo elfu ngapi zimepita mikononi mwangu
na langu sikuwahi kulishika.

Sasa ni alfajiri, kabla ya chai,
kidonge kimoja, kidogo kuliko punje ya mahindi,
maji matupu. Kisha nusu saa ya kusubiri
huku maziwa ya jirani yakinukia kusudi.
Si muujiza. Wiki ya kwanza, hakuna kitu.
Ya tatu, nikahisi joto la kikombe.
Ya sita, damu tena, na dozi ikapanda ngazi moja.
"Ni cha maisha," daktari alisema.
Nikapiga hesabu kwa kilo za minofu:
bado ni nafuu kuliko mizizi.

Kuna siku uchovu hupita kunisalimia
kama mpangaji wa zamani aliyesahau sufuria.

Lakini jana Lugembe alinipunja kwenye mizani.
Kilo nne.
Nikavua glavu. Kisu nikakilaza mezani kwa adabu.
Kisha nikamsikia mtu anagomba
hadi wapakia barafu wakaja kuchungulia,
na ilinichukua muda
kutambua ile sauti ni ya nani.