Ukurasa wa Mia Saba na Kumi na Mbili

Kwenye kidroo cha dashibodi nilikuta kitabu,
kimevishwa plastiki, kimetulia kama hati ya shamba.
Kijapani kitupu. Herufi zimesimama wima
kama miche yangu ya parachichi kitaluni,
ila hizi sijui ipi inaomba maji.
Picha ya mtu aliyekatwa kwa mstari mwekundu
niliielewa: usifanye.
Usifanye nini, haikusema.

Wiki ya sita gari likaanza kukohoa Kiwira,
ukungu umekaa barabarani kama mgeni asiyeaga.
Taa ya njano ikawaka, ikazima, ikawaka.
Fundi wa kwanza akasema pampu.
Wa pili akasema kompyuta, akalitamka neno polepole
kama daktari anayeulizia ndugu wa mgonjwa.
Laki tatu na nusu.
Wa tatu alifungua boneti, akaguna,
na mguno peke yake ukawa elfu kumi.

Nikasikia kipo kitabu chenyewe, cha mafundi,
cha kusomea kwenye simu,
gari zima limefumuliwa humo nati kwa nati.
Ng'ambo wanataka dola hamsini na tano.
Nikazigeuza kichwani ziwe miche:
arobaini na nane,
niliyoibebesha mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kisu cha baba.
Nikaizima simu.

Mmoja akanitumia cha bure: gari si langu,
usukani kushoto, nusu ya kurasa zimelala ubavu.
Mwingine alipokea elfu nane yangu asubuhi;
adhuhuri namba yake haipatikani.

Ni Sekela wa Mwanjelwa, muuza kava na chaja,
wakala wa vitabu vya namna hiyo,
aliyeniuliza swali ambalo wote hawakuliuliza:
"Namba ya injini?"
Nilikuwa nimeiandika kiganjani kwa kalamu.
Akaisoma kama mpiga ramli, akalinganisha, akatikisa kichwa,
akatafuta tena.
"Hiki. Elfu kumi na mbili. Lipa ukishaona."

Kurasa elfu moja mia nne na sita.
Nilivishusha kwa bando la usiku, nikiwa chini ya blanketi mbili,
na kwenye asilimia tisini na moja
umeme ukakatika Igawilo yote.
Sitasema nilitukana nini.

Ambakisye wa Uyole alicheka mpaka spana ikamponyoka.
"Gari linasomwa kwa sikio, mama."
Nikamsomea hata hivyo, nikitafsiri kwa kubabaisha:
angalia waya wa ardhi.
"Ardhi ipi? Gari lina shamba?"
Mweusi, nikamwambia, nyuma ya betri, boliti moja.
Akanyamaza. Akainama.
Akatoka na kidole cha kijani.

Kipande cha msasa. Dakika nne.
Taa ya njano ikazima
na ikabaki imezima.

Nikaendelea: kinasema kaza kwa kipimo cha kumi na tatu.
Yeye akakaza kwa kifundo cha mkono, macho yako barabarani,
kisha, kwa ubishi, akaazima spana ya kipimo gereji ya jirani.
Kumi na mbili na ushee.
"Mwandishi wako," akasema, "hajawahi kushika chuma
alfajiri ya Uyole mwezi wa sita."

Akadai elfu tano. Akanirudishia elfu moja.
Akapangusa mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.
"Hicho kitabu, kitaingia kwenye simu yangu?"
Akaitoa: kitochi, kimefungwa mpira wa tyubu.

Basi nikakaa juu ya tairi bovu,
nikafungua sura ya giaboksi,
hata si la gari langu lililokuwa limeharibika.
Nilisoma. Nilipokwama kwenye neno nilieleza umbo lake,
naye akanipa jina la gereji.
Alikuwa amefumba macho,
na vidole vyake, hewani,
vilikuwa vinafungua nati moja baada ya nyingine,
akiziweka kando, kwa mpangilio,
mahali ambapo hapakuwa na kitu.