Fremu Nne za Mapokezi

Kazileta ndani ya bomba la plastiki, lile la maji machafu,
picha nne, kila moja imeviringwa kwa gazeti la michezo.
"Fundi, za mapokezi hizi. Hoteli, Masaki.
Fremu nyeusi, nyembamba." Kisha akashusha sauti,
kana kwamba rula zangu zina masikio:
"Ni malaya wa Kijapani. Wa kale. Chapa ya ubao."

Nikazilaza mezani, nikazigandamiza kwa nyundo na kopo la gundi
zisijikunje. Nilitarajia mapaja.
Hakuna mapaja.
Wa kwanza anaosha shingo, kitana kakibana kwa meno.
Wa pili anaandika barua, amekwama:
brashi iko hewani, na wino unakaribia kudondoka.
Wa tatu anapiga mwayo. Mwayo mzima, hadi magego,
nami nikapiga wangu, saa nne asubuhi, Mtaa wa Mchikichi,
bodaboda zikipiga honi mlangoni.
Wa nne nusu yumo, nusu katoka kwenye chandarua cha kijani;
kashika karatasi iliyosokotwa, ncha inawaka,
anamtafuta mbu ambaye mchoraji hakumchora.

Wanaume? Hata mmoja.
Joho la mtu limetundikwa pembeni, basi.

Saa hiyo naijua.
Shangazi Sikudhani alipanga chumba Magomeni Mapipa,
nyumba ya Mmanyema mmoja mwenye kikohozi,
na mimi, miaka tisa, nilitumwa kumpelekea vitumbua.
Wengine walimjua wa usiku: udi, wanja, mlango unaofungwa taratibu.
Wangu alikuwa wa saa tatu asubuhi,
mguu juu ya stuli, anakata kucha kwa wembe,
anabishana na redio juu ya bei ya sukari.
"Mwongo huyo," ananiambia, "muulize kama amewahi kununua robo."
Picha yake ipo moja tu, ya pasipoti,
na humo kakaza uso kama mtu anayesomewa mashtaka.

Mteja alinieleza, kabla hajaondoka, jinsi zinavyofanywa.
Rangi moja, ubao mmoja. Kijani kina ubao wake, wekundu wake.
Na unywele wa kisogoni, alisema, hauchongwi.
Kinachochongwa ni kila kitu kilicho kando yake,
mpaka unabaki wenyewe, umesimama, mwembamba kuliko uzi.
Nimefanya kazi ya mbao miaka ishirini na mbili,
sijawahi kumwonea mtu wivu hivyo.
Mgongoni mwa karatasi kuna alama za kiganja kilichosugua,
duara juu ya duara.
Hizo ndizo ninazoziziba kwa kadibodi.

Hoteli yenyewe naifahamu. Mwaka juzi nilipeleka vioo vya bafuni.
Getini mlinzi alikuwa anamrudisha dada mmoja, viatu mkononi:
"Hapa si pa watu kama ninyi."
Alisema *ninyi*, na dada alikuwa peke yake.
Sasa watakaa wanne, karibu na kaunta, kwenye kiyoyozi,
wala hakuna atakayewaomba kitambulisho.

Magharibi ikanikuta kwenye fremu ya mwisho.
Nikafuta kioo kwa spiriti, nikapigilia misumari kumi na sita,
nikaigeuza niione.
Ndani mna mbu.
Mbu wa Kariakoo, kabanwa kati ya kioo na karatasi,
upande wa ndani wa chandarua, shibri moja kutoka kwenye ule moto.
Kaacha doa la damu, dogo kama nukta.
Damu ya nani, sijui. Nilijikuna kifundo.

Simu ikatetemeka juu ya vumbi la mbao:
"Fundi, vipi ile ya nne?"

Nikamtazama yule mwanamke, mkono juu,
miaka yote hiyo anatafuta.
Nikaiweka bisibisi chini.
Nikaandika: Iko tayari.