Bega la Mlango

Tulilishusha watu wanane, taratibu,
mithili ya jeneza la mtu tusiyemjua.
Rayya akavuta turubai.
Nikauliza, pua iko wapi?
«Halina haja ya pua, ami. Mbele humo hamna cha kupozwa.»
Nikazunguka nyuma: bomba la moshi, hola.
Nikapapasa ubavuni: kifuniko cha mafuta, hola.
Nami mwaka wa ishirini na sita huu nauza petroli, njia ya Nizwa,
gari nalijua kwa upande linakonywea
kabla sijalijua jina.

Litakula nini?
«Haidrojeni.»
Na choo chake?
«Maji tu, ami. Matone.»
Nikacheka. Bahla, mwezi wa saba,
mbuzi wanalala kwenye vivuli vya magari:
hili angalau litawanywesha.

«Usicheke. Lishike.»
Nikalishika. Si bati.
Udongo mtupu, toka taa hadi taa,
umevishwa karatasi ya fedha ukalidanganya jua.

Kesho wakubwa wanalikagua Maskati
na bega la mlango limemkatalia.
Siku arubaini anakwangua, anajaza, anakwangua,
kompyuta inasema sawa, jicho linasema bado.
Ndiyo akaja kwa Muhanna mfinyanzi,
ambaye hajapata kuendesha hata baiskeli.

Muhanna akamega kidogo chini ya kizingiti cha mlango,
akanusa, akatema.
«Una nta huu. Haukauki, haujui tanuri.
Sisi udongo tunauwahi ungali maji;
wako unakungoja wewe. Ndiyo maana humalizi.»
Kisha akafumba macho, akapitisha kiganja
kutoka mlangoni hadi nyuma, mara moja,
na katikati ya njia dole gumba likazama.

Rayya akapiga ukelele.
Halafu akachutama, akatazama mwanga unavyopita pale,
akaenda upande wa pili, akachutama tena.
Hakusema kitu. Akaomba turubai.

Picha imetoka gazetini juzi.
Nimevaa miwani, nimelitafuta lile gumba,
sikuliona; au ndilo bega zima, sijui.
Nje Landkruza inapiga honi.
Nikaikunja picha kwa mikono hii
ambayo sabuni imeshindwa nayo tangu ujana,
nikaenda kujaza tangi.