Mama Yake Zimwi

Lori langu lilizama nusu katika mto Vilui,
mwezi wa Machi, barafu ikijifanya barabara.
Nikatembea kilomita kumi na moja.
Vidole viwili vya mguu wa kushoto
vilibaki kwenye bakuli la daktari,
vyeusi kama zabibu kavu.

Usiku wa tatu usingizi ulinikataa.
Tuyaara, muuguzi wa zamu, alileta sindano na chai ya maziwa.
"Babu yangu alighani siku tatu mfululizo
bila kufika mwisho," akasema.
"Mimi nina kipande tu. Kitatosha mpaka dawa ishike."
Akageuza ndoo, akaikalia.
Hakuimba. Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu vidonge:

*Kapanda farasi wake,*
*kaiaga nchi yake,*
*asimuage mamake,*
*akashuka kuzimuni.*

*Huko kakuta dubwana,*
*jicho moja, linaona*
*hata wazo la kijana,*
*lachechemea gizani.*

Kitanda cha dirishani, Bobojon, mwashi wa Kitajiki
aliyevunjika mtulinga kwa kuanguka jukwaani,
akaguna chini ya blanketi:
"Huyo tunamjua. Kwetu anakaa kisimani.
Jicho ni lile lile."
"Na anachechemea?"
"Wote wanachechemea," akasema Bobojon,
kana kwamba amewahi kuwapima viatu.

Nje, nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Bomba la maji ya moto likakohoa ukutani.
Tuyaara akaendelea:

*Siku tisa wapigane,*
*milima ipasukane,*
*ukungu wasionane,*
*pumzi ikawa deni.*

Nami nilikuwa nautazama mguu wangu,
furushi jeupe mwisho wa kitanda,
nikijua nitakavyotembea kuanzia sasa.
Utotoni, kila niliposikia hadithi hii,
nilikuwa mimi niliye juu ya farasi.
Hakuna aliyenionya kwamba mtu anaweza kuamka
akajikuta upande wa pili wa upanga.

"Huyo zimwi," nikauliza, "ana mama?"

Akanyamaza. Nikadhani nimemuudhi.
Akatoa kipimajoto mfukoni, akakitikisa,
akakirudisha bila kumpima mtu.
"Babu hakusema," akajibu.
"Shujaa ana mama, ana dada, ana farasi mwenye kauli.
Zimwi lilikuwepo tu, kama jiwe lilivyopo njiani."
"Jiwe halichechemei," akasema Bobojon.

Hapo akafumba macho, na sauti ikabadilika.
Hakuwa akihesabu tena. Alikuwa akipapasa,
kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya wageni:

*Kule chini, giza zito,*
*mamaye kakoka moto,*
*kamwandalia mtoto,*
*kijiko ki mkononi.*

*Hatua moja, na moja,*
*ndiyo sauti angoja.*
*"Mwanangu, umeshakuja?"*
*Ni upepo mlangoni.*

Hakuna aliyesema kitu.
Hata bomba lilikaa kimya.
Bobojon akageukia ukuta, kwa upande usiouma,
akavuta kamasi, akasingizia baridi.

Tuyaara akaondoka juu ya ndoo, akanyoosha aproni.
"Msimwambie mtu nimeongeza.
Babu angenichapa kwa ukanda wa hatamu."
"Sasa nani anashinda?" nikauliza.
"Shujaa. Lazima ashinde, ndiyo kazi yake."
Alifika mlangoni, akasimama.
"Ila sijui nitamfikishaje pale tena,
na yule mama amekaa pale na kijiko."
Akazima taa.

Asubuhi nilijaribu kwenda msalani bila magongo.
Korido ya wodi ya nne ni ndefu, sakafu ya mbao,
na mbao zinasema kila kitu.
Moja. Na moja.
Mwishoni kuna simu ya ukutani.
Mama yangu huko Namtsi hajui bado habari za lori.
Nilipofika nilisimama pale muda mrefu,
mkono ukiwa juu ya simu,
nikisikia jikoni wakigawa supu.