Mizani Moja

Julai, Uyole. Ukungu uliingia ofisini
ukakalia kiti cha wageni kabla ya mgeni.
Mama Nzunda alifika kutoka Mbozi na basi la alfajiri,
akafungua kopo la maziwa ya unga: stakabadhi kumi na moja,
zimepigwa pasi. Kweli, pasi.

"Gunia lenu siku hizi ni la plastiki," akasema.
"Nimelikunja likaingia kwenye mfuko wa simu.
Mbona kwenye karatasi bado zito kama la katani?"
Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Aliyeiandika programu ni mimi.
Niliweka mkataba: anayetaka kuitwa Zao
ajibu matatu. Unapimwaje, unakatwa nini, unalipwa lini.
Kiazi akajibu, Haragwe akajibu, Kahawa akajibu.
Nidanganye nini?
Aliyejibu ni Kiazi peke yake.
Umeme ulikuwa unapepesa, Gwakisa ananipigia tufunge lango,
nikanakili jibu lake nikawabandikia wenzake wawili
kama mtoto wa dawati la nyuma.

Mwanzoni mwa Juni tukabadili magunia.
Nilimsahihisha Kiazi siku hiyohiyo,
maana watu wa Isyonje na lumbesa zao
hawaibiwi kimyakimya.
Haragwe nilimkumbuka wiki ya pili, nikiwa kinyozi.
Kahawa nikamsahau.

Wazo la kwanza: niwape baba mmoja.
Lakini huyu anachimbwa, huyu anachumwa,
yule anapurwa kwa fimbo uwanjani.
Ukiwazulia watu ukoo
siku ya mirathi watakuumbua.

Basi hesabu ya gunia nikaiweka ndani ya mkataba wenyewe,
mara moja tu, chini ya yale maswali matatu:
atakayetia sahihi anaikuta mizani imeshafungwa.
Mwenye lake ajisemee,
kama Kahawa, asiyekubali kupimwa uzito
kabla hajapimwa unyevu.
Kisha nikafuta mistari sitini na miwili.
Kufuta kuna utamu, kama kupalilia udongo uliolowa.

Marehemu mjomba Anyosisye alihesabu mizani kwa vidole,
nane huku, nane kule, kina kikilia mwishoni.
Huu wangu angeuita gunia lililotoboka.
Sawa, mjomba.
Ila ghalani sasa ipo mizani moja,
na ikikosea itawakosea wote,
na watu wa Isyonje watakuwa mlangoni
kabla ya chai ya saa nne.

Mama Nzunda alihesabu fidia yake mara mbili,
akazirudisha stakabadhi kwenye kopo, akakaza kifuniko.
Halafu akadai nauli,
kwenda na kurudi.

Nauli sikuwa nimeiandikia popote.
Nikaitoa mfukoni.